Mkono wa Gathogo

Nyinyi mnaoanza kazi hii ya kuwarudishia watu viungo vyao, nimeviona vyumba vyenu. Mmenialika chai zaidi ya mara moja, nikaketi pembeni nikatazama skrini kubwa kuliko mlango wangu wa jikoni, mgonjwa anapunga mkono hewani na mashine inamwona bila yeye kushika chochote. Ni vizuri sana, nimefurahi. Lakini mmoja wenu, huku akinimiminia chai ya pili, aliniambia ati kutibu watu kwa gemu ni jambo jipya. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa mgeni na chai ilikuwa yake. Sasa niko kwangu, chai ni yangu, na nitasema.

Jina langu ni Kagendo. Nimezaliwa upande wa Chuka, lakini maisha yangu ya kazi nimeyamaliza Nyeri, katika chumba cha mazoezi cha hospitali ambayo sina haja ya kuitaja. Chumba kilikuwa kirefu, sakafu ya saruji, madirisha yakitazama milima ya Nyandarua. Ukifika mwezi wa saba ukungu ulishuka mpaka ukalala juu ya nyasi, na mchana wa saa nane tukalazimika kuwasha taa. Wagonjwa walikaa wamejifunga blanketi, na mtu akitoka mlangoni kwenda msalani ulimwona hatua chache tu, halafu hayupo. Nawaambia haya kwa sababu baridi hiyo na weupe huo vimo ndani ya habari yenyewe, na siwezi kuikumbuka bila kujifunika shali.

Mashine yetu ililetwa katikati ya miaka ya tisini na mwanamke mwenye duka la redio kule Sagana. Alikuwa amevunjika kifundo cha mkono, na mimi nilimpa mpira wa sponji aubane. Aliuchukia. Aliniambia, "Daktari, hii ni kazi ya mtu ameharibika kichwa. Unabana, unabana, hata maji haitoki." Wakati huo mtu yeyote mwenye koti jeupe aliitwa daktari, na sikuwa na nguvu za kukataa kila siku. Aliporudi alikuwa na katoni, na ndani yake mashine ya gemu, kaseti kadhaa, na joistiki mbili, ndivyo tulivyoviita vile vidude vya kushika vyenye vitufe, kila kimoja na waya wake. Alisema watoto wake wakiishika hiyo hawasikii wakiitwa kula. Kama inaweza kumsahaulisha mtoto njaa, aliuliza, si itamsahaulisha mtu mzima maumivu?

Mkuu wetu wa kitengo, Bwana Muriuki, aliingia akatukuta tumeiunganisha na ile televisheni ya zamani ya chumba cha manesi. Alikuwa mtu nadhifu, kalamu nne mfukoni. Akasimama mlangoni. "Kagendo, hii ni hospitali ama ni showground?" Nikamwambia akae ajaribu. Hakukaa. Lakini nilimwona mara kadhaa baadaye, wagonjwa wakiwa chakulani, akijaribu.

Mengi tulijifunza kwa kukosea. Kulikuwa na dereva wa lori kutoka Kenol, mwili wa watu wawili, nyonga yake imeunganishwa na sasa anaogopa kuuegemea upande ule. Kila nikimwambia "egemea kushoto" ananitazama tu, kama nimemwomba aruke dirishani. Nikamweka mbele ya gemu ya magari. Kona ya kwanza ilipofika alilala kushoto mwili mzima, kona ya pili akalala kulia. Kumbe dereva hawezi kukata kona bila makalio! Nikamwondolea kiti chenye mgongo nikampa stuli, na hiyo ndiyo ikawa tiba yake, huku akiyatukana magari mengine kwa sauti mpaka manesi wakaja kufunga mlango. Mwingine alikuwa mama wa kanisa mwenye bega gumu. Huyo nilimwacha acheze mpaka achoke mwenyewe, na kesho yake bega limevimba na hanisalimii. Basi sheria yangu ya kwanza ni hiyo, mzime mashine mgonjwa akiwa bado ana hamu. Ya pili, msitazame skrini. Mtazameni mgonjwa. Anayeshinda huku bega limepanda mpaka sikioni hajapona, anawadanganya nyinyi na mashine pamoja.

Na ya tatu inahusu wale waliopigwa na kiharusi wakausahau upande mmoja. Hao televisheni msiwaachie mbele siku zote. Iwekeni katikati kwanza, halafu kila siku muisukume kidogo kuelekea upande uliosahaulika, ili shingo ifuate mpira na macho yafuate shingo. Hilo nililijua kabla ya Mzee Nderitu. Mengine nilijifunza kwake.

Mzee Nderitu aliletwa kutoka Mukurweini. Mkulima wa kahawa, mrefu, mtulivu, kofia haitoki kichwani hata akiwa kitandani. Aliniona ni Mmeru akanisemesha Kiswahili, kile alichojifunza mashambani kwa wazungu akiwa kijana, nami sikumkatalia. Upande wake wa kushoto ulikuwa umelala. Hilo tulilizoea. Tusilolizoea ni kwamba kwake upande huo haukuwepo kabisa. Alikula githeri, yale mahindi na maharagwe, nusu ya sahani tu, ile ya kulia, kisha akalalamika ameletewa kidogo. Alinyoa nusu ya ndevu. Ukimwamkia ukiwa umesimama kushoto kwake hakujibu, ukizunguka kitanda anakuuliza umefika saa ngapi.

Siku yangu ya kwanza naye niliuinua ule mkono wa kushoto, mzito na baridi, nikauweka juu ya blanketi mahali anapoweza kuuona. Nikamuuliza swali la kawaida, ambalo nanyi mnaliuliza.

"Mzee, hii mkono ni ya nani?"

Akautazama kwa makini. "Ni ya Gathogo."

"Gathogo ni nani?"

"Ndugu yangu."

"Na yeye yuko wapi?"

Akanitazama kwa huruma, vile unavyomtazama mtu asiyeona vizuri. "Si unamwona, daktari. Amelala hapa."

Leo mna jina refu la hali hiyo, na mnalitamka vizuri. Sisi hatukuwa na jina.

Mke wake ndiye aliyenieleza. Aliitwa Wangechi, ingawa wodini tulimwita Mama Wachira kwa jina la kifungua mimba wake, mwanamke mwembamba wa maneno machache. Gathogo alikuwa ndugu mkubwa wa mumewe. Wakati wa Hali ya Hatari ya wakoloni, miaka ya hamsini, alichukuliwa nyumbani asubuhi moja pamoja na vijana wengine wa kijiji, na hakurudi. Hakuna aliyeleta habari, hakuna aliyeleta mwili. Mama yao alikufa akimngoja. "Mimi sikumjua, nilikuja kuolewa nyuma yake," Mama Wachira aliniambia. "Lakini wanasema alikuwa mtu wa left. Alikuwa analima na left, anakula na left. Mwalimu alimchapa mpaka akachoka."

Alinieleza hayo akiwa amesimama upande wa kulia wa kitanda. Alisimama huko siku zote. Alimlisha mumewe kutoka kulia, akamvalisha kutoka kulia, na ilipofika zamu ya mkono wa kushoto aliniita mimi au nesi. Mtoto wa siku hizi angeshangaa. Lakini watu wa umri wao walilelewa wakijua kwamba maiti haishikwi ovyo, kwamba kuigusa kunaleta uchafu ambao hauondoki kwa sabuni. Mama Wachira alikuwa amebatizwa na alikuwa wa chama cha akina mama kanisani, na bado nilimwona akikunja vidole vyake kila ule mkono ulipotokea chini ya blanketi.

Mzee mwenyewe aliteseka zaidi. Mwanzoni aliusukuma. Tulimkuta mara kwa mara ameuangusha nje ya kitanda, unaning'inia, umevimba. Mara nyingine alinishika koti akaninong'oneza, "Daktari, toeni huyu mtu. Si vizuri amekufa na analala na watu wagonjwa." Wagonjwa wa jirani walimsikia. Wawili waliomba kuhamishwa, na mmoja hakungoja ruhusa, aliburuta kitanda chake mwenyewe akiwa na plasta mguuni.

Bwana Muriuki aliamini kwamba mtu akielezwa vizuri ataelewa. Akaja, akaketi, akaushika mkono wa kulia wa mzee na kukipitisha kidole cha mkono huo juu ya ule wa kushoto kuanzia begani. "Hii ni bega ya nani, Mzee?" "Yangu." Wakashuka polepole. "Na hapa?" "Hapo bado ni mimi." Walipofika kwenye kiwiko mzee alikiondoa kidole chake haraka. "Hapa sasa ndio Gathogo anaanza." Muriuki alijaribu tena, na kila mara kidole kilikataa mahali palepale. Aliporudi ofisini alisahau kalamu zake zote kitandani kwa mzee.

Mimi nilimpeleka kwenye gemu. Tulikuwa na kaseti moja rahisi sana, vijiti viwili, kimoja kila upande wa skrini, na mpira unaorudi huku na huku. Kidole gumba kimoja kinatosha kukipandisha na kukishusha kijiti. Nilimpa joistiki ya kulia, nikaisukuma televisheni kushoto kidogo, na mimi nikacheza upande wa pili. Aliupenda mchezo, alicheka hata. Halafu siku moja niliitwa nje katikati ya mchezo, na niliporudi nilikuta mpira unapita upande wa kushoto bila kurudishwa. Mzee alikuwa anaungoja.

"Huku hakuna mtu," aliniambia.

Nikajibu bila kufikiri, "Basi mpe Gathogo zamu."

Nyinyi mtasema nilikosea, na Muriuki alisema hivyo hivyo. Mgonjwa haungwi mkono katika jambo lisilo la kweli. Lakini mlikuwa wapi wakati mkono unavimba chini ya kitanda? Nilichukua joistiki ya pili, nikaiweka katika kiganja cha kushoto, nikaifunga kwa bandeji, nikakilaza kile kidole gumba juu ya kitufe. Mzee hakuusukuma mkono. Aliuangalia. Kwa sauti ya chini, kwa Kikuyu, alimweleza ndugu yake jinsi mchezo unavyochezwa.

Kwa siku nyingi hakuna kilichotokea. Halafu kidole kiliruka, kidogo tu, na kijiti cha kushoto kikapanda.

Nilipiga kelele ya furaha. Mzee alitikisa kichwa tu. "Ameanza kuelewa," akasema.

Tangu hapo mkono ulipata nguvu kila wiki. Kidole gumba kwanza, kisha vidole vingine, kisha kifundo. Kwa kanuni za kazi yetu nilikuwa nimeshinda. Aliacha kuuangusha. Aliuombea blanketi wakati wa baridi, akauuliza kama umekula. Ila chochote ulichofanya hakukifanya yeye. Alishangaa kila mara, akamsifu, na mara nyingine walibishana. Nilizoea kiasi cha kuwaambia "haya, Gathogo," kama mtu wa kawaida, na nesi mpya akinisikia ananitazama kwa wasiwasi.

Mchana mmoja wa ukungu mzito mzee alisinzia kitini katikati ya mchezo. Kofia imeshuka machoni, kinywa kimefunguka kidogo, anapumua polepole. Nilikuwa peke yangu naye. Nilinyoosha mkono nizime mashine, nikaona mpira unakwenda kushoto na kijiti cha kushoto kinashuka kuukuta. Ukarudi. Mkono wa kulia wa mzee ulikuwa umelala pajani, umefunguka, joistiki imeanguka sakafuni. Niliiokota. Sijui kwa nini niliiokota. Nilikaa kwenye stuli nikacheza.

Alinishinda. Nilijitahidi kweli, na alinishinda.

Halafu stima ikapotea. Skrini ikawa nyeusi, chumba kikabaki na ule mwanga mweupe wa dirishani, na kwenye kioo cha televisheni nikaona sura zetu, mzee amelala, mimi nimekaa nimeinama. Kile kidole kiliendelea. Tk. Tk. Halafu kikatulia, muda wa mpira kuvuka skrini, halafu tena tk. Nilisikiliza mpaka nikajikuta natafuta kwa macho mahali mpira ulipo. Nikainuka nikatoka nje nikasimama kwenye baridi bila shali.

Mnaweza kunieleza, najua. Ubongo una njia zake, misuli hukumbuka, mtu aliyesinzia hajalala. Nilijieleza hivyo mimi mwenyewe na bado najieleza. Nasema tu kwamba niliogopa, na kesho yake nilirudi kazini.

Ilipokaribia siku ya kumruhusu aende nyumbani, mzee aliomba kuzungumza nami. Alivua kofia, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Daktari, niko na kitu moja tu nataka kabla niende."

"Sema, Mzee."

"Nataka mnitolee Gathogo. Nimpeleke nyumbani nimzike karibu na mama. Miaka yote hiyo hatukupata kitu ya kuzika. Sasa niko na yeye, nitamwacha hivi?"

Nilielewa polepole, na nilipoelewa nilishika chuma cha kitanda. Alikuwa anaomba tumkate mkono. Aliomba kwa upole, kama mtu anayeomba kuongezewa chai.

"Mzee, hiyo ni mkono yako. Ina damu yako."

"Wewe ndio ulimpea zamu," akasema. "Ukamfungia joistiki yake. Ukamwita na jina. Leo unaniambia hayuko?"

Akavaa kofia yake. "Kama hapa hamtaki, si neno. Nyumbani panga iko."

Nilikimbia kwa Muriuki. Aliniambia mzee asiende, na tukazuia asiende, lakini hospitali haikuwa na vitanda vya kumweka mtu milele, na wanawe walikuwa wameshafika mara mbili kuuliza. Nilijua kwamba akirudi Mukurweini, asubuhi moja watu wakiwa wamekwenda kuchuma kahawa, atakaa kwenye kigogo cha kupasulia kuni na kumsaidia ndugu yake. Na angefanya kwa mapenzi, kwa sababu mkono ule sasa ulikuwa na uzima wa kutosha kustahili kaburi.

Nikafikiri kwa akili ya kazi. Nikaziondoa joistiki mbili, nikaleta moja. Kulikuwa na kaseti ya kijitu kinachovuka daraja la mbao juu ya mto, mbao nyingine zimeng'oka. Kidole gumba cha kushoto kinamtembeza, cha kulia kinamrusha. Niliona kwamba kijitu ni kimoja, na hakiwezi kuvuka bila mikono yote miwili. Mzee akishika kitu kimoja kwa mikono miwili, akamvusha mtu mmoja, labda atajiona ni mmoja.

Kijitu kilianguka mtoni tena na tena. Mkono mmoja ulitembea mapema, mwingine ukaruka umechelewa. Baada ya siku kadhaa wakaanza kuelewana. Kikavuka nusu, kikavuka chote, na mzee akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Nikainama karibu.

"Mzee, ni nani amemvusha?"

"Mimi na Gathogo," akasema, na macho yalikuwa na machozi. "Umeona vile anajua kazi? Mtu kama huyo haifai akae bila kaburi."

Nilikwenda stoo nikakaa juu ya gunia la vyuma vya mikongojo nikalia kwa hasira.

Niliporudi Mama Wachira alikuwa amefika. Mzee alikuwa amemwambia kila kitu, na panga pia. Alikuwa amesimama mahali pake pa kulia, mkoba kifuani, anamtazama yule kijitu aliyesimama kwenye daraja anangoja. Hakuwahi kuiona gemu ile. Aliniuliza inachezwaje, nikamwonyesha, huu unatembeza, huu unarusha.

"Na huyu akiachilia?" aliuliza, akionyesha kwa kidevu upande wa kushoto.

"Kijitu kinaanguka kwa maji, Mama."

"Na huyu mwingine peke yake hawezi?"

"Hawezi."

Halafu akauweka mkoba chini, akazunguka kiti cha mumewe, akaja upande wa kushoto. Mzee aliendelea kutazama mahali mkewe alipokuwa amesimama mwanzo. Mama Wachira alivuta stuli akaketi. Akavikunjua vidole vyake, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akaulaza mapajani mwake juu ya leso.

"Gathogo," alisema. "Mimi ni Wangechi. Mke wa ndugu yako. Hatukuonana." Alizungumza Kikuyu, na Kikuyu changu wakati huo kilitosha. "Mzee anataka kukuzika, na ana haki. Hata mimi nimeona aibu ya nyumba yetu, mama yenu amelala peke yake pale na nafasi yako iko wazi. Lakini umeona huyu mtu wa daraja. Ukitoka wewe, yeye ataanguka. Nani atanisaidia kushika tawi nikichuma? Nakuomba ungoje. Siku yake ikifika mtaingia pamoja, kaburi moja, na mimi mwenyewe nitakuzika. Nikitangulia mimi, nitamwachia Wachira neno."

Mzee alikuwa ametazama dirishani, kwenye ukungu. Uso wake haukubadilika. Vidole vya kushoto vilijikunja polepole, kimoja kimoja, vikafunga juu ya kidole cha Mama Wachira, na ngozi ya kidole chake ikawa nyeupe. Mama alivuta pumzi lakini hakujitoa.

"Amekubali?" mzee akauliza, bado anatazama dirishani.

"Amekubali," akajibu mkewe.

"Basi." Akafikiri kidogo. "Daktari, andika niende nyumbani."

Alikwenda. Sikulala vizuri kwa muda mrefu, na kila mtu wa Mukurweini aliyefika kwetu nilimuuliza habari zake kwa kuzungukazunguka. Waliniambia yuko, anachuma kahawa, anakamua ng'ombe kwa mikono miwili na anamwongelesha mmoja. Wanasema wazee huzungumza peke yao, hakuna aliyeona ajabu. Muriuki alipotaka kulieleza jambo lile mbele ya wakubwa kama ushindi wa kitengo, alinijia aniulize alieleze vipi. Nikamwambia aseme mgonjwa alipata nguvu ya mkono kwa kucheza gemu. Ni kweli, na ndiyo sehemu inayoelezeka.

Mnaniuliza kama ningefanya tena. Ningefanya. Ila nyinyi mkimpa mgonjwa mchezo, mwangalie vizuri ni nani anayecheza, na muulize nyumbani kwake nani anamjua, kabla hamjajisifu.

Mzee Nderitu alifariki kabla miaka ile ya tisini haijaisha, kwa kifua, kitandani kwake. Nilikwenda mazishini. Ilikuwa siku ya jua, migomba imesimama kimya pande zote za kaburi, na kaburi lilikuwa karibu na la mama yake. Niliona ni pana kidogo kuliko kawaida, na wachimbaji walisema Mama Wachira ndiye aliyeagiza hivyo bila kueleza. Mchungaji alisoma jina moja, wanawe wakalia baba mmoja.

Ilipofika wakati wa udongo, Mama Wachira aliitwa wa kwanza. Aliinama, akachukua udongo kwa mkono wa kulia, akautupa, akasimama akimwangalia mumewe. Watu wakasogea kumpisha aondoke. Hakuondoka. Alizunguka kaburi taratibu mpaka upande wa kushoto wa jeneza, akainama tena, akachukua udongo mwingine kwa mkono wa kushoto.

"Na wewe, Gathogo," akasema. "Asante kwa kungoja."